Mchezo na Hadhira Yake: Mjadala wa Nakuru

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 10 Aprili 2025, wasichana wa Shule ya Upili ya Butere, waliosafiri kutoka kaunti ya Kakamega hadi Nakuru kushiriki tamasha la kitaifa la drama, walipanda jukwaa la ukumbi wa Melvin Jones, na walipoona ya kuwa mwelekezi wao hayupo, vyombo vyao vya sauti havipo, mapambo yao hayapo, na viti vilivyo mbele yao havina wa kuvikalia, waliuimba wimbo wa taifa, kisha wakashuka bila ya kuigiza. Nje, askari walikuwa wakiwatawanya kwa vitoa machozi watu waliokuja kuutazama mchezo na waandishi wa habari waliokuja kuusimulia. Mchezo wenyewe, uitwao Echoes of War, ulitungwa na Cleophas Malala, aliyekuwa seneta wa Kakamega, nao wahusu vijana wa nchi ya kubuni wanaosimama mbele ya utawala uliochoka kusikiliza. Ulikuwa umeondolewa mashindanoni, ukarudishwa kwa amri ya Mahakama Kuu. Na usiku wa kuamkia siku ya maonyesho mtunzi wake alikamatwa, akaja kuachiliwa baadaye.

Mambo hayo yalitukia mbele ya nchi nzima, na kila mtu aliyasemea lake. Mimi niliyasikia yakisemwa Nakuru kwa namna nyingine, kwa sababu jiji hili lina makundi machanga ya waigizaji ambao jukwaa ndilo shamba lao, na kwao habari ya wale wasichana haikuwa siasa ya kupita, bali swali la kazi yao ya kesho. Maneno niliyoyasikia kwa nyakati na mahali mbalimbali nimeyaketisha hapa katika sebule moja ya mtaa wa Section 58, penye chupa moja ya chai, nikayapa vinywa vitatu mbali na changu: Kijana, mwelekezi wa kundi lisilo na sifa bado, Mama, muuza nguo aliyeishi Nakuru tangu usichana wake, na Mwalimu, ambaye kabla ya kustaafu alipeleka wanafunzi wake katika tamasha za drama mwaka baada ya mwaka.

KIJANA. Sisi tu watu tisa, Mwalimu, na riziki yetu yatoka katika vitabu teule vya sekondari. Shule huleta wanafunzi kwa basi, nasi huwachezea tamthilia iliyo katika mtaala wao, nao hurudi wakiwa wamekwisha kuyaona kwa macho yale watakayoulizwa katika mtihani. Kazi hiyo siidharau, maana ndiyo iliyotununulia maleba na taa. Lakini safari hii tumeandika mchezo wetu wenyewe. Ni familia mbili zinazotumia ua mmoja katika mtaa mmoja wa Nakuru, usiku mmoja wa Januari 2008. Hamna kicheko ndani yake. Mwanzo wake ni mlango unaobishwa, mwisho wake ni mlango usiofunguliwa, na kati ya hayo mawili ni saa moja na nusu ya jirani kumsikia jirani yake akimwita kwa jina. Wenye ukumbi wamesoma mswada, wakatuuliza neno moja tu: nani atakuja?

MAMA. Swali lao ni langu pia, mwanangu. Usiku huo unaouandika mimi niliupitisha chini ya kitanda pamoja na wanangu wawili, nikiwa nimemziba mdogo kinywa kwa kiganja changu mpaka nikaogopa ya kuwa nitamuua mwenyewe kabla hajauawa na watu. Fujo za baada ya uchaguzi zilianza kwingineko mwisho wa Desemba, nasi tukadhani zimetupita. Zikatufikia Nakuru siku za mwisho za Januari, na Naivasha watu 19, watoto miongoni mwao, wakateketezwa ndani ya nyumba moja. Tulikwenda kulala katika mahema ya uwanja wa maonyesho ya kilimo. Tume ya Jaji Waki iliyozichunguza fujo hizo ilipomaliza kazi yake ilisema waliokufa nchi nzima ni watu 1,133, nami nilipoisikia hesabu hiyo redioni niliizima redio, kwa kuwa niliwajua wanne kati yao, na hao wanne kwangu walikuwa ndiyo hesabu yote. Leo nanunua sukuma wiki kwa mtu nisiyejua usiku ule alisimama upande gani, wala yeye hajui mimi nilikimbilia wapi. Hatuulizani. Kutoulizana huko ndiko kulikotuwezesha kununua na kuuza miaka yote hii. Ni sitara yetu, na sitara ya mtu haivuliwi hadharani kwa tikiti.

Kijana hakumjibu mara moja, na katika kimya hicho Mwalimu, ambaye kwa tabia yake hupenda kulianza jambo kwa upande usiotarajiwa, alilirudisha shauri kwa wasichana wa Butere.

MWALIMU. Kabla hatujaufikia mchezo wako, niruhusu niseme lililo moyoni mwangu, nawe usinikasirikie. Mimi sikupendezwa na mtu mzima, mwanasiasa mwenye hasama zake na watu wazima wenzake, kuwatungia wasichana wa shule maneno ambayo yeye mwenyewe angeweza kuyasema katika mkutano wa hadhara. Katiba yetu ya 2010, katika ibara ya 33, yampa kila mtu uhuru wa ubunifu wa kisanaa, nami nausimamia uhuru huo. Lakini ibara ya 53 nayo yasema maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia katika kila jambo linalomhusu. Mtoto aliyesafiri kwa basi kutoka Butere akaishia kukohoa moshi wa askari katika mji wa ugenini, nani alimlinda? Waliorusha moshi wana dhambi yao, wala sina neno la kuwatetea. Je, aliyemweka mtoto mbele hana hata chembe?

KIJANA. Swali hilo lina haki yake, Mwalimu. Lakini tazama jinsi tunavyolipima. Tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, tuliyoicheza mpaka tukaweza kuisema usingizini, ilikuwa kitabu cha lazima katika mtihani wa kidato cha nne kwa miaka kadhaa. Ndani yake mna Majoka, mtawala anayelifunga soko la watu wake. Mna Tunu, msichana anayempinga, naye anaumizwa kwa sababu hiyo. Mna maandamano, mna risasi. Serikali ilikichagua kitabu hicho, ikakitia madarasani, ikawataka wasichana wa Butere na wenzao wote waandike insha kueleza jinsi Tunu alivyo shujaa, na aliyeeleza vizuri akapewa alama nyingi. Kabla yake walisoma Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, na kabla ya hapo Betrayal in the City ya Francis Imbuga, naye Imbuga alitoka magharibi kama wao. Je, nchi ya Kafira aliyoibuni Imbuga ina giza dogo kuliko ufalme wa Echoes of War? Basi mtoto alindwe na nini, ikiwa maneno ni yaleyale?

MWALIMU. Kitabu cha darasani kina mwalimu anayekifafanua.

KIJANA. Na mchezo wa jukwaani una mwelekezi, naye alizuiwa kuwafikia.

Hapo niliingia mimi, kwa kuwa niliona wote wawili wamelishika jambo moja kwa ncha mbili bila ya kulitaja.

MWANDISHI. Maneno yaweza kuwa yaleyale, ila hali ya mpokeaji hubadilika, na hali hiyo ndiyo inayoogopwa. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa vitu viwili. Kimoja ni riwaya ya Kiingereza, Petals of Blood, iliyowashambulia wenye mali na wenye madaraka wa nchi hii kwa ukali usiofichika; nayo ilichapishwa, ikauzwa, na mtunzi akaendelea kulala nyumbani kwake. Cha pili ni mchezo wa Kigikuyu, Ngaahika Ndeenda, alioutunga pamoja na Ngũgĩ wa Mirii, ukaigizwa na wakulima na vibarua wa Kamiriithu huko Limuru, katika ukumbi wa wazi walioujenga wao wenyewe kwa mikono yao. Mchezo haukumaliza majuma mengi: kibali chake kilifutwa Novemba, na kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ alikuwa amechukuliwa kwenda kuwekwa kizuizini Kamiti bila ya kushtakiwa, akakaa huko karibu mwaka mzima. Mwaka 1982, kundi lilipojaribu tena na mchezo mwingine, lilifungiwa milango ya ukumbi wa taifa, na ule ukumbi wa Kamiriithu ukabomolewa. Riwaya husomwa na mtu mmoja mmoja, kila mmoja katika faragha yake, na hasira ya msomaji huyu haijui hasira ya yule. Mchezo huwakusanya watu mia tano gizani, na pindi mmoja anapovuta pumzi kwa uchungu, wa kushoto na wa kulia wake wamemsikia. Hapo ndipo mtu hutambua ya kuwa alichodhani ni jeraha lake peke yake kinawauma na wengine.

Kwa hiyo nawaambia, wale wasichana walifahamu jambo ambalo sisi wazee wa sanaa tulichukua miaka kulifahamu. Wao hawakukatazwa kuigiza asubuhi ile. Idhini ya mahakama walikuwa nayo. Mwaka 2013 shule yao ilizuiwa vilevile na mchezo wa mtunzi huyohuyo, Shackles of Doom, na Mahakama Kuu ikaufungulia njia. Basi amri ya kuigiza kwao haikuwa ngeni. Safari hii waliachiwa jukwaa, wakaondolewa watu. Laiti wangaliigiza mbele ya viti vitupu, waamuzi wangaliandika alama zao, daftari lingaliandikwa kwamba shule ya Butere imeshiriki, na kila afisa angalisema ya kuwa amri ya mahakama imetimizwa kwa ukamilifu. Walikataa kuitia sahihi hati hiyo. Walisema hapana mchezo bila ya hadhira, na neno hilo walilisema kwa kushuka jukwaani. Mimi katika miaka yangu ya kuandika juu ya maigizo sijapata kuona somo la sanaa lililo safi kuliko lile, na waliolitoa ni watoto wa sekondari.

MWALIMU. Hilo nalikubali, nami nakiri sikuwa nimelitazama kwa upande huo. Nilikuwa nikiwahesabu ni watoto waliotumiwa; sasa naona ya kuwa walipofika mahali pa kutumiwa kwa kweli, yaani kutumiwa kama ushahidi wa haki iliyokwisha kunyimwa, wao ndio waliokataa. Lakini swali la Mama lingali papo hapo, wala halijibiwi na Kamiriithu. Watu wa Limuru walikwenda wenyewe kuutazama mchezo wao. Mama hapa asema hataki. Na historia yamuunga mkono, kwa maana katika Athens ya kale palikuwa na mtunzi aitwaye Phrynichus, aliyetunga mchezo juu ya kutekwa kwa mji wa Miletus, mji wa ndugu zao ulioangamizwa na Waajemi miaka michache tu kabla. Herodotus asimulia kwamba ukumbi mzima ulibubujikwa na machozi. Wakamtoza mtunzi faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha masaibu yao wenyewe, na wakaamuru mchezo ule usiigizwe tena na mtu yeyote. Na hao ndio watu tunaofundishwa kwamba waliuasisi mchezo wa huzuni! Hawakuwa madhalimu waliokuwa wakilinda kiti cha mfalme. Walikuwa ni raia waliofiwa.

MAMA. Mwalimu, hao wa Athens mimi siwajui, lakini nimewaelewa kuliko ninyi wote. Waliingia ukumbini wakidhani wanakwenda kutazama mchezo, wakakutana na maiti zao. Hakuna aliyewauliza.

Neno hilo, hakuna aliyewauliza, lilipita kwa Mwalimu kama neno la kawaida, bali naona ndilo lililougeuza mjadala, maana Kijana aliweka kikombe chini, akasema alilokuwa hajalisema tangu aingie.

KIJANA. Mama, mwaka 2008 mimi nilikuwa na miaka minne. Nakumbuka harufu ya mpira unaoungua na nakumbuka kubebwa mgongoni. Zaidi ya hapo sina kitu. Nyumbani kwetu, mtu akitaja habari zile husema "wakati ule", kisha mazungumzo hukatika, na mkubwa mmoja huinuka kwenda kuchemsha chai isiyohitajika. Nilikua nikidhani "wakati ule" ni jina la mahali. Wewe wasema kimya hicho ni sitara, nami siwezi kukukatalia, maana ulikishona mwenyewe kutokana na yale uliyoyaona. Lakini sisi tuliozaliwa karibu na usiku ule tumerithi nguo tusiyojua inafunika nini. Kila inapokaribia kura, shangazi yangu huanza kufunga mizigo. Akiulizwa anafungia nini, husema ni kusafisha nyumba tu. Waigizaji wangu tisa wanatoka katika nyumba za makabila matano, na kila mmoja alikuja na chai yake ya kuchemshwa bila haja. Mchezo tuliuandika kwa sababu hatukupewa kisa. Tulibuni mlango ule usiofunguliwa kwa kuwa hakuna mtu mzima aliyekubali kutuambia kama alifungua au hakufungua.

Mama alinyamaza kwa muda mrefu kuliko unavyoweza kuonyesha ukurasa. Kisha akauliza swali ambalo sikulitazamia.

MAMA. Katika mchezo wenu, aliye ndani ya nyumba, yule asiyefungua: mmemfanya mtu mbaya?

KIJANA. Mswada wa kwanza ulimfanya hivyo. Tukaubadilisha. Sasa ana watoto wawili chini ya kitanda.

Nawaomba wasomaji wanivumilie nitokeze tena, kwa kuwa hapa ndipo nina neno la kulisema kwa nafsi yangu. Wako watu wanaoulaumu mchezo wa giza kwa sababu ya giza lake, nao husema nchi ina huzuni za kutosha bila ya kuzinunulia tikiti. Naiheshimu hoja ya Mama kwa sababu ameilipia. Hoja ya afisa anayeitoa katika taarifa yake kwa vyombo vya habari siiheshimu, maana yeye hajali kidonda cha mtu, anajali watu wasikutane. Zote mbili huishia kusema mchezo usionyeshwe, na kwa sababu hiyo watu huzichanganya. Na makundi machanga, yakiisha kupigwa na ya pili, huanza kuidharau ya kwanza, yakadhani kila asemaye "usiniumize" ni mjumbe wa serikali. Hilo ni kosa, nalo ni kosa la dhuluma. Tofauti i katika dawa. Afisa huondolewa hoja yake kwa mahakama na kwa ushupavu. Mama huulizwa, na akiisha kuulizwa, husikilizwa majibu yake hata kama yatauharibu mswada. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, ilirejea Vita vya Maji Maji ilhali wajukuu wa waliokufa kwa imani ya yale maji walikuwa wangali wakiishi kusini mwa Tanzania. Hussein hakuwacheka walioamini, wala hakuwasafisha. Aliwaachia uchungu wao pamoja na heshima yao, na mwisho wake una pingu. Vijana wa Nakuru hawana haja ya kwenda Athens kutafuta mwalimu wa jambo hili.

MWALIMU. Basi Mama, ukiwa wewe ndiwe mwenye ukumbi, ungeweka sharti gani?

MAMA. La kwanza, watu waambiwe mlangoni, kabla ya kutoa pesa, ni usiku gani wataingia. Wasiandikiwe kwenye bango "burudani ya familia". La pili, wasiletwe watoto wa shule kwa basi bila ya wazazi wao kujua. Akitaka kuja na mama yake, aje na mama yake, huenda wakatoka wakizungumza. La tatu, msianzie mjini. Nendeni kwanza Kaptembwa, Njoro, Molo, mkawasomee watu mswada wenu chini ya mti, bila ya taa na bila ya maleba, mkawaulize ni wapi mmesema uongo. Mtaambiwa. Na la mwisho, mchezo ukiisha msiwashe taa kwa haraka na kuwasukuma watu nje ili wapishe onyesho la jioni. Wapeni chai. Hata ile isiyohitajika.

KIJANA. Na wakituambia tusiucheze kabisa?

MAMA. Mtakuwa mmeulizwa, nanyi mtakuwa mmejibiwa na watu wenyewe. Lakini sidhani. Watakuambieni mmekosea rangi ya mlango.

Mwalimu alitaka kuirudia habari ya ibara ya 53, na kwa haki yake alikuwa na la kuongeza, kwa kuwa hajaridhika bado juu ya watu wazima wanaowatungia watoto. Akasema kundi la Kijana lina nafuu moja ambayo Butere hawakuwa nayo, yaani waigizaji wake ni watu wazima waliouandika mchezo wao wenyewe, hata ikija siku ya moshi, watakuwa wameisimamia kwa hiari. Kijana alimjibu kwamba siku ya moshi haombi ije, ila akija kuletewa viti vitupu atakumbuka la kufanya. Maneno hayo yaliendelea mpaka chai ikaisha, nami sikuyaandika yote.

Tulipokuwa tukivaa viatu mlangoni, Mama alimshika Kijana mkono, akamuuliza viti vya ukumbini ni vya kuhesabiwa namba au mtu hukaa apendapo. Akaambiwa vya mbele vina namba.

"Sitaki vya mbele," alisema. "Niwekee kimoja cha nyuma, karibu na mlango. Na mwambie mwenye ukumbi usiku huo mlango usifungwe kwa ufunguo."